Kabla Hujabomoa Mota ya Pampu Kutafuta Umeme wa Upepo

Singida upepo hauulizwi. Kiangazi ukianika nguo bila vibanio, utazifuata kwa jirani. Ndiyo maana nilipopata mota mbovu ya pampu ya maji, ya hospawa moja, niliona nimeshaupata umeme wa bure. Akili yangu iliniambia mota ni mota: ukiipa umeme inazunguka, basi ukiizungusha itatoa umeme.

Nikaifunga mapanga ya kukamata upepo, nikaipandisha juu. Ikazunguka vizuri kabisa. Mita ikasoma sifuri.

Miezi miwili ikapotea hapo. Rota, ile sehemu inayozunguka ndani, ya mota kama ile haina sumaku hata moja. Ni duara la mabati yaliyobanwa pamoja, na fito za alumini ndani yake. Usumaku wake unatokana na umeme unaoingia kwenye waindingi, yaani nyaya za shaba zilizosukwa ndani ya mota. Unaweza kuichochea kwa kapasita, lakini kama ni ya poli nne (ncha nne za usumaku), itaamka ikikaribia mizunguko 1,500 kwa dakika. Mapanga yenye kipenyo cha mita 1.5, kwenye upepo wa mita 4 kwa sekunde, yakichongwa vizuri yanapata kati ya 250 na 350. Hapo ndipo wengi tunapokwama.

Wapo wanaompelekea fundi wa kukereza apunguze rota, kisha wanabandika sumaku za neodimia. Inawezekana, nimeona inafanya kazi. Lakini sumaku hizo ni ghali, na zikipangwa wima bila kulazwa kidogo, shafti inang'ang'ania kila inapopita kwenye meno ya steta, ile sehemu isiyozunguka, na upepo mdogo haiamki. Mimi sikuendelea na njia hiyo.

Unachotaka ni mota ya DC, yaani ya umeme wa mkondo mmoja kama wa betri, yenye sumaku zake tayari, na nzuri niliyoipata ni ile ya mashine ya mazoezi ya kukimbilia. Kuitambua kwenye chuma chakavu huhitaji hata betri. Shika nyaya zake mbili, ziunganishe, halafu zungusha shafti kwa mkono. Ikiwa nzito ghafla kama inakanyaga matope, sumaku zimo. Ikibaki nyepesi vilevile, irudishe kwenye rundo. Mota za blenda na drili za umeme wa ukutani zitakudanganya kwa udogo wao. Nyingi hazina sumaku. Nilirudia jaribio hilo kwenye mota saba, mwenye duka akaniuliza, "Kaka, unanunua au unacheza?"

Kisha soma kibandiko. Yangu iliandikwa volti 180, mizunguko 4,000 kwa dakika. Gawanya: volti 0.045 kwa kila mzunguko mmoja wa dakika. Kuchaji betri ya volti 12 unahitaji kama volti 13 na ushee, yaani mizunguko karibu 300. Hiyo upepo wetu unaifikia. Mota ya volti 24 yenye mizunguko hiyohiyo 4,000 ingetaka zaidi ya 2,000, na hapo utasubiri kimbunga.

Mapanga nilikata kwenye bomba la PVC la inchi 6, lile nene. Yawe matatu, uzito sawa, kingo zipigwe msasa. Chunguza pia nyuzi za shafti ya mota yako, kwa sababu nyingine ni za kushoto, na mapanga yakizunguka upande usiofaa yatajifungua yenyewe juu ya nguzo.

Kwenye kuunganisha, weka dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kati ya mota na betri. Siku ya kwanza sikuweka. Upepo ulikuwa umetulia lakini mapanga yanazunguka, nikawaita watu waje kuona. Kumbe betri ndiyo ilikuwa inaizungusha mota. Nilikuwa nimetengeneza feni.

Kosa kubwa lilikuwa kutumia kidhibiti cha sola. Paneli ikikatiwa betri inakaa kimya. Mota ya upepo ikikatiwa inabaki haina mzigo, inakimbia ovyo. Usiku mmoja betri ikajaa, kidhibiti kikakata. Nikiwa kitandani nikasikia mvumo unapanda, ukawa mluzi, halafu kishindo kwenye mabati. Mzee jirani alikuwa mlangoni kabla sijavaa viatu. "Kijana, helikopta yako imetua kwangu." Panga lilikuwa limetoboa paa la banda la mbuzi.

Tumia kidhibiti cha upepo, kile ambacho betri ikijaa kinahamishia umeme kwenye mzigo wa akiba. Mimi nimeweka balbu za gari. Ongeza swichi ya kuunganisha nyaya mbili za mota, ndiyo breki yako, ila ifunge kabla upepo haujachachamaa; ukisubiri dhoruba utaunguza waindingi.

Kebo usiibanie. Waya wa 2.5 mm² ukienda mita 30, kwenda na kurudi ni mita 60, na ukipitisha ampea 10 unapoteza karibu volti 4. Kwenye mfumo wa volti 12 hiyo ni theluthi nzima imeishia njiani.

Na usitegemee makubwa. Nguvu ya upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ni mara nane. Mtambo wangu kwenye mita 4 kwa sekunde hutoa kama wati 15, kwenye mita 8 unakaribia 120. Ukiniuliza uanze na nini, nitakuambia paneli. Nguzo na kebo peke yake vilinigharimu kuliko paneli ya wati 100. Upepo mimi naupendea usiku, jua likiwa limelala.

Nguzo yangu sasa ina bawaba chini, nailaza kila ninapobadilisha kaboni za mota. Mzee akiniona nalegeza tu zile waya za kuishikilia, anaanza kuhamisha mbuzi wake.