Akiba ya bibi kabla ya masika

Ndugu yangu, umeuliza umwandalie nini bibi yako anayeishi peke yake Ngamiani, Tanga, kabla ya mvua za masika, ambazo kwa kawaida hunyesha kuanzia Machi hadi Mei.

Mimi ningeanza na dawa. Kama anatumia vidonge vya presha au vya sukari, hakikisha anavyo vya kutosha mwezi mzima, ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na kadi yake ya kliniki iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu njia ikijaa maji hataweza kwenda kuvichukua.

Maji ya kunywa husahaulika sana wakati wa mvua, ilhali visima huchafuka wakati huohuo. Mwekee madumu 3 ya lita 20, lakini usimwachie kazi ya kuyainua: mnunulie ndoo yenye koki na uiweke juu ya stuli, usawa wa mkono wake.

Unga, mchele na maharage vikae kwenye ndoo zenye mifuniko, na gunia la mkaa liwe juu ya mbao, mbali na ukuta unaovuja. Hapa nakusihi sana: asiingize jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha ili aote moto, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na humuua mtu usingizini.

Tochi, betri na umeme wa luku vinunuliwe mapema. Kisha mwombe kijana wa jirani ampitie kila asubuhi, amjazie ile ndoo, na akupigie simu akiona bibi hajaamka vizuri.