Adapta haiongezi umeme: kwa msomaji aliyeunguza kiyoyozi kwenye uwanja wa kasino

SWALI: Mwanangu fundi, mimi na mzee wangu ni wastaafu tunaoishi Texas, na mwaka huu tunazunguka Nevada na Arizona kwa gari-nyumba lenye viyoyozi viwili na waya wa ampea 50. Tunapenda kulala kwenye viwanja vya magari-nyumba vya kasino, kwa kuwa bei ni nafuu, walinzi wapo usiku kucha na chakula kiko karibu, ingawa kamari hatuchezi. Julai tulifika mji mmoja wa kasino kando ya Mto Colorado, tukakuta nafasi za ampea 50 zimejaa, tukapewa ya ampea 30 na tukanunua adapta. Breka ya kwenye kiguzo cha umeme ikawa inaruka kila mara, na jioni kifaa chetu cha kulinda umeme kikawa kinakata chenyewe huku kikionyesha volti 102. Jirani alitushauri tukiondoe tuchomeke moja kwa moja. Tulipofanya hivyo vyombo vyote viliwaka mpaka asubuhi, ila sasa kiyoyozi cha nyuma kinaguna tu bila kupoza. Je, kifaa kile kilikuwa kibovu? Na tununue adapta gani yenye nguvu zaidi?

JIBU: Mama, shikamoo. Kifaa chenu kilikuwa kizima kabisa. Kibovu kilikuwa umeme uliokuwa ukiingia, na kifaa kilikuwa kinafanya kazi ileile mliyokinunulia. Adapta yenye nguvu zaidi haipo dukani, wala haitatengenezwa, kwa sababu adapta haina nguvu yoyote ya kwake.

Nianze na hesabu ambayo watu wengi wanaikosea kwa sababu ya majina. Mtu akisikia 30 na 50 hudhani kwamba nafasi ndogo inampa zaidi ya nusu ya kubwa. Sivyo. Soketi ya ampea 30 ya viwanja hivi ina waya mmoja wa laivu, yaani unaoleta umeme, wa volti 120, hivyo inatoa wati 3,600. Soketi ya ampea 50 ina laivu mbili, kila moja ampea 50 kwa volti 120, na jumla yake ni wati 12,000. Ninyi mlitoka kwenye 12,000 mkaingia kwenye 3,600, chini ya theluthi moja, na adapta ilichofanya ni kuziunganisha laivu mbili za gari lenu kwenye laivu moja ya kiguzo. Kiyoyozi kimoja cha kawaida cha juu ya paa hula ampea 12 hadi 15 kikiwa kinazunguka, na zaidi kinapoanza. Weka viwili, ongeza chaja ya betri, kisha mzee apashe chai kwenye maikrowevu, ambayo peke yake hula kama ampea 13. Breka isiporuka hapo, hiyo breka ndiyo ya kuogopa. Kwenye ampea 30 washa kiyoyozi kimoja tu, maji yapashwe kwa gesi, na kiyoyozi kizimwe kwanza kabla maikrowevu haijawashwa.

Hilo la breka ni dogo. Linaloniumiza kichwa ni volti 102, kwa sababu kila kiangazi ninaletewa magari yenye hadithi hii, na wengi wanaoyaleta ni watu wa nyumbani. Nasema hivi bila kejeli: mtu aliyekulia Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anajua kwamba friji haichomekwi bila gadi. Alimwona mama yake akisubiri taa nyekundu ya gadi igeuke kijani baada ya umeme kurudi, na anajua kwamba umeme mdogo huua friji kuliko giza. Mtu huyohuyo akifika Marekani huichomoa gadi kwa mkono wake mwenyewe, eti kwa kuwa hapa umeme hauna matatizo. Na akiuona mbele yake mnara wa kasino unaowaka taa za kila rangi, shaka yote humtoka: nyumba yenye umeme mwingi namna ile itamnyimaje yeye volti 120?

Taa za kasino hazikuambii lolote kuhusu waya uliozikwa chini ya gari lako. Uwanja wa magari huwa na nyaya zake ndefu zinazolisha viguzo vingi kwa pamoja, na viwanja vingi vya zamani vilijengwa wakati gari-nyumba la kawaida lilikuwa na kiyoyozi kimoja. Zaidi ya hapo, kanuni ya umeme ya Marekani yenyewe, katika kifungu chake cha 551, inamruhusu mjenzi wa uwanja wenye nafasi 36 au zaidi kukadiria mzigo wa nyaya kuu kwa asilimia 41 tu ya jumla ya viguzo vyote, kwa hoja kwamba watu hawatumii umeme wote kwa wakati mmoja. Ni hoja nzuri kwa Aprili. Laughlin, mmojawapo wa miji hiyo ya kando ya Mto Colorado, ulipimwa nyuzi 125 za Farenhaiti tarehe 29 Juni 1994, yaani karibu 52 za Selsiasi, na hiyo ndiyo rekodi ya joto ya jimbo zima la Nevada. Siku ya namna hiyo, saa kumi na mbili jioni, hakuna gari hata moja uwanjani ambalo halijawasha kila kiyoyozi lilicho nacho. Nyaya hulemewa, na volti hushuka kwa wote, hasa kwa waliopangwa mwisho wa laini.

Sasa, kompresa, yaani pampu ya mota inayosukuma gesi ya kupozea ndani ya kiyoyozi, haijui kupunguza bidii. Taa ya zamani ikipewa umeme mdogo hufifia tu, lakini mota iliyobeba mzigo uleule ikipunguziwa volti huvuta ampea zaidi ili iendelee kuzunguka, na ampea za ziada hugeuka joto ndani ya koili zake. Mbaya zaidi ni pale inapotaka kuanza ikashindwa, ikakwama na kuguna huku inaungua. Ndiyo maana vifaa kama chenu hukata umeme ukishuka chini ya volti 104 au hapo karibu. Jirani yenu aliona vyombo vinawaka akahesabu kwamba ameshinda. Ila kuwaka na kuwa salama ni mambo mawili, na usiku ule mzima kiyoyozi chenu kilikuwa kinachomwa polepole.

Kuguna huko kwa sasa kusikufanye ukubali kuuziwa kiyoyozi kipya na fundi wa kwanza atakayepanda paani. Mwambie apime kapasita kwanza. Ni kipande cha bei ndogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, hufa mapema kwenye joto, na kikifa kiyoyozi huguna vivyo hivyo bila kuzunguka. Kama kapasita ni nzima, na koili za kompresa zimeungana au zimekatika, hapo ndipo mzungumzie kubadilisha. Fundi anayetamka bei kabla hajatoa mita mfukoni, mshukuru na umwache aende zake.

Mtakapopangiwa nafasi nyingine, chomekeni kifaa cha kulinda peke yake kwanza, msome volti, kisha msome tena jioni mzigo wa uwanja ukiwa mkubwa. Ikishuka, nendeni ofisini mkaombe nafasi ya ampea 50 au iliyo karibu na mwanzo wa laini, na wasipokuwa nayo, hameni. Watu husita kuhama kwa sababu kadi ya uanachama wa kasino imewapa usiku wa bei ya chini, na wanasahau kulinganisha punguzo hilo na bei ya kompresa. Msidanganywe pia na kifaa cha bei rahisi kinachozuia miruko ya radi tu, kwa kuwa hicho hakioni kabisa umeme mdogo. Nanyi mnaotaka kuleta stabilaiza, jueni kwamba inapandisha volti kwa kuvuta ampea zaidi kutoka kiguzo hichohicho kilichokwisha kulemewa.

Nikiwa hapohapo niwaseme walimu wa njia za mkato, maana simu zimejaa video zao. Yupo anayewafundisha watu kuchukua waya wa pili kutoka kiguzo cha jirani na kuuchanganya na wa kwanza ili wapate ampea 60 za uongo. Yupo anayebadilisha breka ya 30 akaweka ya 50 juu ya waya uleule, kana kwamba waya nao umenenepa. Wengine, wakinyimwa umeme wa kutosha, huhamia maegesho ya bure mbele ya kasino, huomba ruhusa ya walinzi kwa adabu zote, kisha hulala na jenereta ikiunguruma chini ya dirisha, wakati moshi wake una kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, na kengele ya kuigundua wameitoa betri kwa sababu ilikuwa inawapigia kelele.

Lakini anayenikasirisha kuliko wote ni yule anayekata jino la ethi, yaani la waya wa usalama unaorudisha umeme uliovuja ili breka iruke, ili plagi iingie kwenye ekstensheni ya nyumbani. Vyombo vyote huendelea kuwaka kama kawaida, kwa hiyo mwenye gari husifu ushauri. Gari limesimama juu ya mpira wa magurudumu, ambao haupitishi umeme kwenda ardhini. Laivu moja ikigusa bodi na ethi haipo, breka haina sababu ya kuruka, na bodi nzima ya bati inakaa na umeme ikimsubiri mtu atakayesimama kwenye changarawe yenye maji akashika mpini wa mlango. Ukihisi mchonyoto wowote, hata mdogo, usishike mara ya pili kuhakikisha, wala usipande ngazi. Walio ndani wabaki ndani bila kushuka, na wewe uliye nje, bila kuligusa gari, nenda kwenye kiguzo ukiwa na viatu vikavu, uzime breka, uchomoe waya, halafu ndipo mumwite msimamizi wa uwanja.