Unahama Kampala? Panga kwa saa, usipange kwa sehemu

Watu wakisikia unaondoka Kampala ushauri wanaokupa ni uleule, nenda Jinja ukaone Nile inapoanzia, nenda Entebbe kwenye zuu, kapige picha pale ikweta Kayabwe. Ni kuzuri kote huko sikatai, lakini huko unaweza kurudi hata miaka kumi ijayo ukakukuta. Kitakachokuuma ukishafika Mwanza au Dar ni vile vitu ulivyokuwa unavipita kila siku ukienda kazini. Kwa hiyo wabongo wenzangu mnaomaliza mikataba au masomo huku, anzeni mapema, afu msipange kwa sehemu, pangeni kwa saa. Huu mji kila kitu kina muda wake, ukichelewa umekosa.

Asubuhi ni katogo. Matoke yamepikwa sufuria moja na utumbo, au maharage, au karanga, mchuzi mzito, na kwenye vibanda vingi saa nne ukifika unakuta mama anaosha sufuria. Sisi wa kanda ya ziwa ndizi tunazijua na Wahaya ndo usiseme, ila kaa kwenye benchi pamoja na mafundi na vijana wa boda saa moja asubuhi, na kabaridi kale ka Kampala, uone kama utakula hivyo sehemu nyingine. Usifungashiwe, kaa hapohapo ule.

Jioni kuanzia saa moja ni moto wa barabarani, muchomo (nyama choma), gonja (ndizi tamu) za kuchoma, na rolex, yaani chapati iliyokunjwa na mayai. Sisi tuliokulia kwenye zege (chipsi mayai) tunadhani chapati na mayai hakuna cha kujifunza, ila simama Wandegeya usiku umwangalie kijana anavyofanya, mayai yanapigwa kwenye kikombe na kitunguu na kabichi, yanamwagwa kwenye chuma, na kabla hayajakauka chapati inalazwa juu ili vishikane, ndo anageuza, anapanga nyanya mbichi na chumvi, anakunja. Ukiweka chapati mayai yakishaiva vinaachana, nyumbani wengi wanakosea hapo.

Sasa luwombo, chakula kinachopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, hapa naomba mnisikilize vizuri maana hii ndo ladha unayoweza kuhama nayo kweli. Hotelini utaipata lakini usiishie hotelini, mwombe mwenyeji wako, mama mwenye nyumba au jirani, uwepo siku anapika, mara nyingi Jumapili au kuna shughuli, na ufike asubuhi siyo saa ya kula. Mimi mama mwenye nyumba wangu aliniambia njoo ukae hapa jikoni na akanipa jani nilishike mwenyewe. Jani la mgomba ambalo halijachanika, unaupunguza ule uti wa katikati taratibu, unalipitisha juu ya moto mpaka linalegea na kuanza kunukia, hapo ndo halipasuki ukilikunja. Kuku anakaushwa kwanza kwa moshi, anawekwa na mchuzi wa karanga, jani linafungwa juu kwa kamba ya mgomba, afu linakaa kwenye sufuria juu ya vikonyo vya mgomba, maji yasiliguse, ni mvuke tu kwa masaa. Matoke nayo yanamenywa, yanafungwa kwenye majani, yanapikwa kwa mvuke kisha yanapondwa yakiwa humohumo kwenye majani. Migomba Bukoba ipo, Moshi ipo, Mbeya ipo, hakuna kitakachokushinda ukishaona kwa macho. Andika, rekodi kwa simu kama anakubali, na ukienda usiende mikono mitupu, beba sukari na sabuni, na umwambie weebale nnyabo (asante mama) kwa heshima zote.

Msimu nao uuangalie. Senene wanajaa mwezi wa kumi na moja, kuna na msimu mdogo mwezi wa nne na wa tano hivi, usiku unaona mitego yao, mataa makali na mabati yamesimamishwa juu ya mapipa, upande wa Masaka ndo zaidi, na mjini wauzaji wanakaa wanawatoa mabawa na miguu. Kama mkataba wako unaisha mwezi wa kumi na una uwezo wa kusogeza safari, sogeza, nakwambia kweli.

Kwa macho, kama una alasiri moja tu, panda mnara wa msikiti wa Old Kampala, ule uliojengwa kwa msaada wa Libya. Unalipa kiingilio, dada zangu mtapewa nguo ya kujifunika, Ijumaa mchana waacheni waswali. Nenda mvua ikiwa imetoka kunyesha, vumbi limetulia, utaona Namirembe, Rubaga, Kibuli, vilima vyote vimekaa na nyumba zake, na chini teksi nyeupe, daladala za huku, zimebanana mpaka unashangaa zinatokaje. Kwa samaki nenda Ggaba. Ziwa ni lilelile letu ila kula sato pale ukiangalia mitumbwi inapakia kwenda visiwani.

Mizigo: kahawa nunua soko la Nakasero, ulizia ya Bugisu, ile ya Mlima Elgon. Tafuta na odi, karanga na ufuta zilizosagwa pamoja, kina mama wa kaskazini wanaijua sana, na ukiipata ya kusagwa nyumbani chukua kopo mbili maana moja ndugu watalimaliza wiki ya kwanza. Funga kifuniko kwa selotepu, zungushia nailoni, na kama unapanda ndege iweke kwenye begi la chini, ukiibeba mkononi wanaihesabu kama kimiminika wanakunyang'anya. Wa basi la kupitia mpaka wa Mutukula weka tu miguuni.