Jibu: Wiki ya 9, damu pembeni ya mfuko wa mimba

Pole sana dada. Umesema utrasaundi ya hapo Mbeya imeonyesha damu pembeni ya mfuko, na mama mkwe anataka ulale tu hadi ujifungue. Kwanza soma karatasi: mapigo ya moyo wa mtoto yameandikwa? Kama yapo, mimba nyingi za hivi huendelea na damu hunyonywa yenyewe. Donge kubwa la damu hiyo ndilo huongeza hatari ya mimba kutoka. Kulala kutwa hakujathibitishwa kusaidia. Mimi nilipopata hali hiyohiyo nilipika kama kawaida, ndoo na jembe nikaacha, matone ya kahawia yakaisha taratibu (mwanangu sasa anasumbua kuku Uyole). Kundi lako la damu likiwa hasi, mwambie daktari mapema, kuna sindano ya anti-D, ya kuzuia mwili wako kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto. Pedi ikilowa ndani ya saa moja, au ukipata maumivu makali au kizunguzungu, chukua bajaji usiku huohuo.