Maswali ya wasomaji: Njiwa mwenye pete, chozi wa dirishani na kunguru wa asubuhi

SWALI: Habari za kazi. Tunaishi gorofa ya tatu, Sinza. Kwa wiki mbili sasa njiwa mmoja wa kijivu anatua kwenye ukuta wa balkoni kila asubuhi. Mguuni ana pete. Tukisogea anarudi nyuma, lakini haondoki. Mwanangu wa miaka tisa kampenda mno na anataka amshike. Tumzoeshe vipi, na anakula nini?
Mama wa Sinza

JIBU: Mama, anzeni na pete. Ile iliyoziba kabisa, isiyo na mahali pa kufungukia, huvalishwa kinda akiwa na siku saba hadi kumi; mguu ukishanenepa haipiti tena. Akiwa nayo hiyo, basi kazaliwa bandani kwa mtu. Pete ya plastiki inayofunguka huvalishwa umri wowote, ila nayo inaonyesha kwamba ana mwenyewe, au alikuwa naye. Mpigeni picha kwa simu, mkuze picha na kusoma herufi, mwaka na namba. Mkiitangaza kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, fichani tarakimu mbili za mwisho. Anayedai ndege ni wake ndiye azitaje.

Njiwa aliyechoka tu safarini hupumzika siku moja mbili akaendelea. Huyu wa wiki mbili ama amepotea njia, ama hana tena pa kurudi.

Kabla ya chakula, maji. Njiwa hanywi kama kuku. Huzamisha mdomo hadi usawa wa pua, akafyonza bila kuinua kichwa. Kisahani cha chai hakimfai; wekeni bakuli zito lenye maji ya kina cha sentimita tatu au nne, na yabadilishwe kila siku.

Kwa siku njiwa mkubwa hula gramu 30 hadi 40, yaani kama vijiko vitatu vya chakula vya nafaka. Changanyeni mtama, uwele, chenga za mahindi na choroko kidogo, kavu na zisizopikwa. Mkate, chapati na wali humjaza tumbo bila kumjenga, na vitu vya chumvi vinamdhuru. Parachichi ni sumu kwa ndege. La kuangalia zaidi hapa kwetu, kwenye unyevu huu wa pwani, ni sumukuvu: nafaka yenye vumbi la kijani au jeusi, au inayonuka uvundo, itupwe yote, msichambue. Nunueni nusu kilo nusu kilo, mhifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Ongezeni ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kupondwa. Ndilo chokaa yake.

Sasa kumzoesha. Chagueni saa moja ya asubuhi, muishike. Kabla ya kumwaga nafaka, tikiseni kopo lenye punje mara tatu, kila siku sauti ileile. Kisha mtoto akae chini, mita tatu mbali, ubavu ukimwelekea njiwa. Kumkodolea ndege macho uso kwa uso ni mtindo wa paka, na njiwa anaujua. Baada ya siku tatu za kula kwa utulivu, asogee nusu mita. Kipimo ni mwili wa ndege, si kalenda: shingo ikirefuka, manyoya yakibanwa mwilini, akaacha kudonoa na kuchuchumaa kidogo, hapo anajiandaa kuruka. Rudini nyuma hatua moja, na kesho anzieni hapohapo.

Mkifika karibu, mtoto alaze kiganja wazi juu ya ukuta, vidole vimenyooka, na mstari wa punje uelekee kiganjani. Mkono usining'inie hewani, kwa sababu hutikisika. Akipanda na kula, vidole visikunjwe hata kidogo. Hapa ndipo wengi huharibu: mtoto anafumba mkono, njiwa anajinyofoa, na manyoya ya mkia yanabaki kiganjani. Manyoya yataota tena, lakini njiwa hukumbuka sura ya mtu. Baada ya hapo huenda akaja kwa dada na kumkimbia mtoto huyohuyo. Mwambieni mapema kwamba huyu ndege ataguswa siku akikubali mwenyewe, na huenda asikubali kabisa. Kusimama kiganjani akila ni urafiki tosha. Msimfungie ndani.

Akiwa karibu, mkagueni miguu. Nywele za rasta na nyuzi za cherehani zinazofagiliwa kutoka saluni na kwa mafundi huwaviringia njiwa vidoleni, zikakaza hadi kidole kinakatika. Kama anashikika, mfunikeni kwa taulo, lowesheni mguu kwa maji ya uvuguvugu dakika tano, kisha mkate uzi kwa mkasi mdogo, ncha ikielekea nje ya ngozi. Kidole kikishakuwa cheusi na kikavu, msivute kitu. Apelekwe kwa daktari wa mifugo. Vivyo hivyo akijifura manyoya mchana kweupe, au shingo ikijipinda. Shingo kujipinda yaweza kuwa ugonjwa wa jamii ya kideri, ule unaoua kuku, kwa hiyo mwenye kuku jirani aambiwe.

Nafaka isiyoliwa ndani ya dakika kumi na tano iondolewe, la sivyo mtakuwa mnalisha panya. Kinyesi kikavu kisifagiliwe hivyo hivyo, vumbi lake hubeba magonjwa ya mapafu. Kiloweshwe kwa maji ya sabuni, kifutwe, mikono ioshwe.

SWALI: Kuna chozi dume, yule ndege mdogo anayefyonza maua, anang'aa kijani, anagonga kioo cha dirisha langu tangu alfajiri. Je, anataka kuingia? Nimuwekee maji ya sukari?
Msomaji, Mbezi Beach

JIBU: Haombi kuingia. Anaona dume mwingine kiooni na anapigania eneo lake, hasa wakati wa kuzaa. Anapoteza nguvu bure na anaweza kuumia, kwa hiyo ondoa taswira hiyo: bandika gazeti kwa nje, au paka kioo povu la sabuni likaukie. Pazia la ndani halisaidii, mara nyingi hufanya kioo kiakisi taswira zaidi.

Maji ya sukari yanawezekana: kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vinne vya maji, yachemshwe, yapoe. Usitie rangi wala asali. Kwa joto la Dar huchacha upesi, hivyo yabadilishwe kila siku na chombo kisuguliwe. Kama hutaweza kila siku, usianze. Mshubiri, haibiskasi au mgomba wenye mkungu wa maua utamleta kwa miaka, bila kazi hiyo. Kumkamata umfuge usifikirie: ndege wa porini huhitaji kibali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

SWALI: Nilimzoesha kunguru mmoja kwa vichwa vya samaki. Sasa wanakuja kumi, na jana wamebeba vifaranga wa jirani. Nifanyeje?
Baba wa Kigamboni

JIBU: Baba, kama shingo yao ni ya kijivu, hao ni kunguru wa India, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, kisha wakaenea hadi bara. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, na kila kichwa cha samaki unachotupa kinawasaidia kulea makinda yao. Mwerevu ni mwerevu kweli, tunaelewa ulivyovutiwa, lakini huyu asizoeshwe.

Acha kulisha siku moja, kabisa. Watakuja wakipiga kelele kwa siku kadhaa. Ukiwapa hata mara moja katika siku hizo, umewafundisha kwamba kelele ndefu hulipa. Pipa lifungwe, mabaki ya samaki yafukiwe. Usirushe mawe, wanakariri sura na watakusakama njiani. Vifaranga wa jirani wakae ndani ya tenga, au bandani kwenye wavu wa matundu yasiyozidi sentimita 2.5, na juu pia pafunikwe, mpaka wakue. Tarajia yule wa kwanza awe wa mwisho kukata tamaa, naye usimpe.