Gitaa la semi-holo na pikapu zake: usikimbilie kung'oa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Musoma aliniandikia akiniuliza kama ni busara kununua gitaa la umeme la semi-holo, na kabla sijamjibu akauliza tena ni pikapu zipi, yaani vile vinasa-sauti vya sumaku vinavyokaa chini ya nyuzi, anunue za kuwekea mahali pa zile zitakazokuja nalo. Swali hilo la pili ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Nimenunua gitaa la aina hiyo hivi karibuni, nimelipiga hapa Mwanza katika kumbi za Kirumba na Igoma na katika hoteli moja ya Capri Point, na jambo la kwanza nililoambiwa na wenzangu, hata kabla hawajalisikia, ni kwamba pikapu zake ni za bei rahisi na nizing'oe. Bado zimo, na juzi wapo watu waliopanda jukwaani kunitunza wakati wa solo.

Semi-holo ni gitaa jembamba lenye matundu mawili ya umbo la herufi f, lakini katikati ya tumbo lake kumepitishwa gogo la mbao, na pikapu pamoja na daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi tumboni, hukaa juu ya gogo hilo. Kampuni ya Gibson ndiyo iliyoliingiza sokoni mwaka 1958 kwa jina la ES-335. Magitaa yenye tumbo tupu yalikuwa yakipiga yowe kila amplifaya ilipopandishwa, kwa kuwa mtetemo wa spika uliingia tumboni, ukatikisa mbao na nyuzi, ukanaswa na pikapu na kurudi tena kwenye spika ukiwa mkubwa zaidi. Gogo hupunguza mzunguko huo, huku mbavu mbili zilizobaki wazi zikitunza ule ulaini wa sauti ambao gitaa la ubao mzima lisilo na tumbo huupata kwa shida. Langu limetengenezwa China kwa kufuata mpangilio huo huo. Jina la kampuni silitaji kwa sababu hawajanilipa.

Sasa tuje kwenye pikapu, ambako ndiko kwenye maneno mengi. Gitaa langu la zamani lilikuwa na pikapu za koili moja, yaani msokoto mmoja wa waya mwembamba, na aliyewahi kupiga katika kumbi zetu anajua maana yake: taa za tyubu juu ya kichwa, jenereta nyuma ya ukuta, waya wa umeme umelala sambamba na waya wa gitaa. Koili hunasa vyote hivyo pamoja na mvumo wa umeme wenyewe, ambao kwetu ni wa hezi 50. Kiongozi mmoja wa bendi aliwahi kuniambia kwa maikrofoni, mbele ya waimbaji na wahudumu, "Bwana mdogo, zima hiyo mashine ya kusaga." Nilicheka na wengine, lakini usiku ule niliondoka kurudi Mabatini bila kusubiri mgao, na mpaka leo sijamwomba kazi tena.

Hambaka, aina ya pikapu iliyomo katika gitaa langu jipya, ilibuniwa kwa ajili ya adha hiyo hasa. Seth Lover, fundi wa Gibson, aliitengeneza mwaka 1955 kwa kuweka koili mbili ubavu kwa ubavu, zikiwa zimeunganishwa kinyume na kila moja ikiwa na ncha ya sumaku iliyo tofauti na ya mwenzake. Kelele ya umeme huingia katika koili zote mbili kwa namna moja, kwa hiyo zikikutana hufutana. Mtetemo wa uzi, kwa kuwa unategemea sumaku, hutoka katika koili zote mbili ukiwa upande mmoja, nao hujumlishana. Usiku wa kwanza pale Kirumba nilifungua volyumu hadi mwisho bila kugusa uzi, na ukimya ulikuwa mkubwa kiasi kwamba fundi mitambo alinionyesha kwa mkono nichomeke waya vizuri. Waya ulikuwa umechomekwa tangu mwanzo.

Hata hivyo sitakuficha kasoro. Pikapu ya shingoni, ile iliyo mbali na daraja, ilikuja ikiwa na sauti nzito mno: nyuzi za chini zilifunika besi ya mwenzangu, na chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, lilipoanza kila noti ilimezwa na iliyoifuata. Hapo ndipo wengi huanza kutafuta pikapu nyingine mtandaoni. Mimi nilichukua bisibisi. Kila hambaka ina skurubu mbili pembeni zinazoipandisha na kuishusha, na kipimo kizuri cha kuanzia ni kubonyeza uzi kwenye freti (kichuma cha shingoni) ya mwisho kisha kuacha nafasi ya milimita 2 hivi kati ya uzi na pikapu ya darajani, na zaidi kidogo shingoni. Usipokuwa na rula, panga kadi tatu za benki pamoja. Unene wake ni kama milimita 2.3. Ya shingoni niliishusha nusu zamu kwa nusu zamu, upande wa nyuzi nene zaidi ya upande wa nyembamba, hadi noti zikaachana.

Halafu kuna vitufe vinne ambavyo vijana huviacha vyote mwisho, kana kwamba vimegandishwa. Kila pikapu ina volyumu na toni yake. Swichi ikiwa katikati pikapu zote mbili husikika, na ukiteremsha volyumu ya shingoni hadi 7 hivi, ya darajani hujitokeza na unapata ile sauti kavu, yenye kung'aa, ambayo solo ya dansi huidai. Kumbuka tu kwamba katika magitaa mengi ya mpangilio huu, swichi ikiwa hapo katikati, ukishusha volyumu moja hadi sifuri gitaa zima hunyamaza. Usije ukamgombeza fundi mitambo bure. Vijana wangu, sauti haiuzwi ndani ya boksi. Mtu anayeshindwa kutumia vitufe alivyonavyo atashindwa pia na pikapu za gharama, na atakachobaki nacho ni deni.

Kuhusu yowe, gogo husaidia bila kumaliza tatizo. Usisimame ukiikabili spika yako. Kaa ubavuni mwake na punguza besi kwenye amplifaya kabla hujapunguza kitu kingine.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Musoma, nunua. Nyuzi zitakazokuja nalo zitoe siku hiyo hiyo, maana pikapu hunasa mtetemo wa chuma, na nyuzi zilizokaa dukani katika unyevu wa kandokando ya ziwa hili huwa zimeanza kutu kabla hujazigusa. Mimi niliweka seti yenye unene wa 10 hadi 46, kwa kipimo cha elfu za inchi. Lipige mwezi mzima kabla hujamruhusu fundi yeyote kulifungua. Kama baada ya hapo bado halikuridhishi, niandikie tena na unitajie amplifaya unayotumia, kwa sababu katika ujumbe wako wote mrefu hukuitaja hata mara moja.