Swali la utafiti lianzie kwenye jambo unalolifanya mwenyewe

Walimu wenzangu wanaotaka kuanza utafiti tendaji, yaani mwalimu kuchunguza ufundishaji wake mwenyewe ili auboreshe, huniletea maswali kama haya: "Kwa nini wanafunzi wangu hawapendi kusoma?" Uchungu ulio ndani yake naujua. Lakini swali hilo mwalimu mmoja hawezi kulijibu. Sababu zake zimetawanyika nyumbani, katika madarasa waliyopitia na katika mitihani, na wewe mwenyewe huonekani popote humo.

Mwanasaikolojia Kurt Lewin, katika makala yake ya mwaka 1946, alieleza utafiti wa aina hii kuwa ni mzunguko: unapanga, unatenda, unaangalia kilichotokea, unapanga upya. Basi swali lisilo na tendo lako halina pa kuanzia.

Mimi napenda kuanza na daftari. Kila kipindi kikiisha naandika jambo moja lililonishangaza, bila kulichambua. Baada ya muda mambo fulani huanza kujirudia, na hapo ndipo pa kuchimba. Katika darasa langu la fasihi lililojirudia lilikuwa hili: wanaojibu ni wale wale. Hilo bado ni lalamiko. Ili liwe swali, nilijiuliza mimi hufanya nini nikishauliza, nikarekodi sauti ya vipindi vyangu kwa simu. Rekodi zilionyesha kwamba aliyetangulia kunyoosha mkono ndiye aliyepata nafasi, karibu kila mara.

Ndipo nikatafuta waliotangulia. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alikwisha kuonyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu hurefuka na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Wapo wanaodhani wakikuta utafiti kama huo swali lao limekwisha. Halijaisha. Yeye alichunguza masomo ya sayansi. Mimi nilikuwa na shairi mezani na wanafunzi wanaoogopa kulikosea. Swali langu likawa: "Nikisubiri sekunde 3 kabla ya kumtaja mtu, ni wanafunzi gani waliokuwa kimya watakaoanza kuzungumza, na majibu yao kuhusu shairi yatabadilika vipi?"

Angalia maneno "gani" na "vipi". Ningeuliza "Je, kusubiri kunasaidia?" ningepata ndiyo au hapana, na kwa kuwa natamani ndiyo, ningeipata kwa urahisi mno. Swali zuri huacha nafasi ya jibu usilolipenda. Huenda kimya kikawatisha zaidi wale wale waoga, na swali lako lazima liweze kulionyesha hilo.

Ushahidi nao usitafutwe mbali: daftari za wanafunzi, rekodi, orodha ya nani kazungumza. Ukitaka kurekodi, omba kwanza ruhusa ya uongozi wa shule na ya wazazi, waeleze wanafunzi, na majina yao yasitokee katika ripoti.

Kabla ya kuanza, mpe swali lako mwalimu wa somo jingine kabisa. Muulize: ukija kukaa nyuma ya darasa langu, utatazama nini ili kulijibu? Akisita, lipunguze, kisha umrudie.